Uzi: Binti yangu anaona "mlima" kwenye grafu ya umbali na muda, mwalimu kampiga mikasi. Naombeni ufafanuzi

Dereva wa Tunduma

Wakuu wa jukwaa la elimu, habari za jioni. Mimi ni dereva wa lori, njia yangu Dar–Tunduma. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mnivumilie. Binti yangu yuko kidato cha pili. Juzi karudi na zoezi la fizikia limejaa wino mwekundu, nikataka kumsaidia, tukabaki tunatazamana.

Zoezi lenyewe: Juma anatoka nyumbani kwa baiskeli kwenda mashine ya kusaga. Wamechora grafu, chini kuna muda kwa dakika, pembeni kuna umbali kutoka nyumbani kwa mita. Mstari unapanda kutoka sifuri hadi mita 2400 ndani ya dakika 10. Kuanzia dakika ya 10 hadi ya 20 umelala. Kisha unashuka taratibu mpaka sifuri, dakika ya 45.

Wameulizwa:
a) Eleza safari ya Juma.
b) Tafuta kasi yake wakati wa kwenda na wakati wa kurudi.
c) Tafuta wastani wa kasi kwa safari nzima.

Binti kajibu (a) kwamba Juma anapanda mlima, anapita tambarare, halafu anashuka mlima. Kwenye (c) kapata 2.8. Vyote mkasi. Na mimi nilivyoitazama hiyo grafu niliona mlima uleule. Nimepita Kitonga miaka yote hii, mlima naujua. Tunakosea wapi?

Mchele wa Kyela

Anarudi kutoka mashineni na gunia halafu njia yote mteremko, huyo Juma ana bahati. Naweka kambi hapa, walimu wanakuja.

Mwalimu wa Zamu

Mkuu Dereva, kwanza mwambie binti asijione mjinga. Kosa lake walimu wa fizikia wanakutana nalo dunia nzima. Mwaka 1987 Lillian McDermott na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichapisha makala nzima kuhusu jinsi wanafunzi wanavyohangaika na grafu za mwendo, na kuichukulia grafu kama picha ya njia ni mojawapo ya mambo waliyoyaona. Hao ni wanafunzi wa chuo. Yeye ni wa kidato cha pili.

Umeitaja Kitonga, tuanzie hapo hapo. Unapanda Kitonga umebeba mzigo kamili. Gia ya chini, lori linatambaa. Tuseme una daftari, kila baada ya dakika 5 unaandika umesogea kilomita ngapi tangu Mikumi. Kabla ya kufika Kitonga, kila dakika 5 zinaongeza kilomita 6 hivi. Ukianza kupanda, dakika 5 zilezile zinaongeza kilomita moja au moja na nusu. Sasa chora hizo namba. Mstari wako pale Kitonga utafanyaje? Utainama, karibu ulale! Barabara inasimama wima, mstari wa grafu unainama. Kama grafu ingekuwa picha ya barabara, ingekuwa kinyume.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu wafunike umbo la grafu kwa karatasi na kuifunua polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Kila unapofunua unajiuliza maswali mawili: sasa hivi ni dakika ya ngapi? Huyu mtu yuko umbali gani kutoka nyumbani? Basi. Dakika ya 10 yuko mita 2400. Dakika ya 12 yuko mita 2400. Dakika ya 15 yuko mita 2400. Muda unaenda, yeye haendi. Yuko foleni ya mashine, anasubiri zamu yake. Dakika ya 20 anaondoka, na umbali kutoka nyumbani unaanza kupungua kwa sababu anarudi. Dakika ya 45 umbali ni sifuri, yuko mlangoni. Mlima haupo, wala bonde. Barabara inaweza kuwa tambarare kama uwanja wa mpira na grafu ikawa vilevile.

Sasa hesabu. Kasi ni umbali uliosogea gawanya kwa muda uliotumika. Kwenye grafu, hiyo ndiyo slopu ya mstari: umepanda kiasi gani, gawanya kwa umeenda kulia kiasi gani.

Kwenda: mita 2400 kwa dakika 10. Badili dakika kuwa sekunde kwanza, 600. 2400 ÷ 600 = mita 4 kwa sekunde.

Kurudi: kuanzia dakika ya 20 hadi ya 45 ni dakika 25, yaani sekunde 1500. 2400 ÷ 1500 = mita 1.6 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa mtu anayetembea. Juma hakupanda baiskeli kurudi, aliikokota na gunia juu yake. Unaona grafu inavyosema bila kusema?

Wastani wa kasi kwa safari nzima: umbali WOTE gawanya kwa muda WOTE. Kaenda 2400, karudi 2400, jumla 4800. Muda wote ni dakika 45, sekunde 2700, pamoja na zile alizokaa mashineni. 4800 ÷ 2700 = mita 1.78 kwa sekunde. Binti kachukua 4 akajumlisha na 1.6 akagawa kwa mbili, ndiyo hiyo 2.8. Hapo ndipo pa kumkalisha chini, maana huo mtego utamfuata mpaka kidato cha nne.

Dereva wa Tunduma

Mwalimu, ubarikiwe. Hiyo ya Kitonga imeniingia moja kwa moja. Binti yuko hapa pembeni anasoma, anacheka.

Ila hapo kwenye wastani nimekwama. Mimi nikitoka Dar kwenda Morogoro mshale unagusa 80, na sheria yetu wenye malori ndiyo hiyo 80. Njia ni kama kilomita 190. Natumia saa 4 nzima. Bosi anapiga hesabu anasema natembea 47, "ulilala wapi?" Sikulala. Nani mwongo, dashibodi au bosi?

Mwalimu wa Zamu

Wote wanasema kweli. Dashibodi inakupa kasi ya papo hapo, yaani slopu ya pale pale ulipo kwenye mstari. Bosi anachukua rula, anaunganisha nukta ya mwanzo Dar na nukta ya mwisho Morogoro, anasoma slopu ya huo mstari mmoja. Kimara, Mbezi, Kibaha, Mlandizi, mizani, Chalinze, vyote vimefutika. 190 ÷ 4 = 47.5. Mwambie achore grafu nzima ataona vipande vilivyolala.

Kuku Mgeni

Kwa hiyo wastani si lazima iwe kasi ambayo mtu aliwahi kwenda nayo?

Mwalimu wa Zamu

Kupita hapo atapita tu wakati anaongeza au anapunguza mwendo. Lakini si lazima akae nayo hata dakika moja.

Fundi Sanifu

Mwalimu, samahani, naingilia. Mnawafundisha watoto vibaya. Grafu ya UMBALI na muda haiwezi kushuka hata siku moja! Umbali uliosafiri hauondoki. Ukienda kilomita 5 ukarudi 5, umesafiri 10, mita ya gari haisomi sifuri ukifika nyumbani. Mstari unaoshuka ni wa kitu kingine kabisa. Mtunga swali ndiye wa kupigwa mkasi.

Mwalimu wa Zamu

Fundi, hoja yako ni nzito na wala sikupingi. Lakini soma tena mhimili wa wima ulivyoandikwa kwenye zoezi la Dereva: "umbali kutoka nyumbani." Hiyo inaruhusiwa kushuka. Ingeandikwa "umbali uliosafiriwa", isingeshuka kamwe. Grafu zote mbili ni halali, ila ni grafu mbili.

Na tuchore hiyo ya pili, maana ina faida yake. Juma: dakika 0 mita 0. Dakika 10 mita 2400. Dakika 20 bado 2400. Dakika 45 mita 4800. Sasa chukua rula, unganisha nukta ya kwanza na ya mwisho. Slopu yake ni 4800 ÷ 2700, ileile 1.78 ya swali (c). Ukifanya hivyo hivyo kwenye grafu ya umbali kutoka nyumbani, rula inalala kabisa: sifuri. Kwa sababu mwisho wa safari Juma yuko palepale alipoanzia.

Fundi Sanifu

Sawa. Lakini vitabu vingi haviandiki hilo neno "kutoka" na mtoto anabaki kubahatisha. Nimesimama hapo.

Mwalimu wa Zamu

Hapo tuko pamoja. Mwanafunzi asome mihimili kabla ya kutazama mstari. Wengi wanarukia mstari.

Kontrola Mstaafu

Hamjambo vijana. Nimeusoma uzi huu nikaona niseme neno, maana hiyo grafu mnayobishania nimekula ugali wake miaka mingi. Nilikuwa kontrola wa treni. Nyie mnaiona ni jambo la mtihani. Kwetu ilikuwa meza nzima, na penseli, na ufutio.

Reli ya zamani ya Kati ni njia moja. Treni inayotoka Dar na inayokwenda Dar zinatumia chuma kilekile. Zitapishana wapi? Kwenye stesheni yenye lupu tu, yaani njia ya pembeni ambapo moja inaingia kusubiri. Nje ya hapo hakuna kupishana, kuna kugongana.

Sasa kontrola anajuaje? Kwa grafu ya umbali na muda. Chini tunaweka saa, kutoka usiku wa manane hadi usiku wa manane. Pembeni tunaweka stesheni kwa kilomita zake halisi: Dar, Pugu, Ruvu, Ngerengere, Morogoro na kuendelea, kila stesheni na mstari wake uliolala toka kushoto hadi kulia. Halafu kila treni ni mstari wa mshazari. Inayotoka Dar inapanda, inayorudi Dar inashuka. Ya abiria inasimama wima zaidi kwa sababu ina kasi, ya mizigo inainama. Inaposimama stesheni, mstari unalala kidogo kisha unaendelea.

Mistari miwili inapokatana, maana yake saa hiyo treni zote mbili ziko mahali pamoja. Ikikatana juu ya mstari wa stesheni yenye lupu, vizuri. Ikikatana katikati ya stesheni mbili, hiyo ni ajali ambayo bado haijatokea, na kazi yako ni kuifuta kabla haijatokea.

Si ufundi wa jana. Mfaransa Étienne-Jules Marey alichapisha mwaka 1885 grafu ya namna hii ya treni za Paris na Lyon, na yeye mwenyewe alisema mbinu ni ya injinia aitwaye Ibry. Ukiitazama unajua mara moja treni ipi ya haraka na ipi inalala njiani.

Dereva wa Tunduma

Shikamoo mzee wangu. Kumbe hii kitu ina kazi ya kweli! Binti anauliza: sasa mlikuwa mnajuaje zitakatana wapi kabla hazijaondoka?

Kontrola Mstaafu

Marahaba mwanangu. Mpe hili afanye, namba ni za mazoezi tu.

Stesheni mbili ziko kilomita 60. Treni A inaondoka chini, kilomita 0, kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa. Treni B inaondoka juu, kilomita 60, inakuja kwa 40 kwa saa. Zinaondoka dakika ileile. Lupu iko katikati, kilomita 30. Nani anamsubiri nani, na kwa muda gani?

Nyayo254

Wazee, salamu kutoka Eldoret. Nimewapata kupitia kwa binamu yangu Arusha. Mnaongea treni na malori lakini grafu nzuri kuliko zote ni ya Eliud Kipchoge kule Vienna, 12 Oktoba 2019. Kilomita 42.195 kwa saa 1 dakika 59 sekunde 40. Kila kilomita ilikuwa karibu dakika 2 na sekunde 50, mwanzo hadi mwisho. Ukichora, ni mstari mmoja ulionyooka, huhitaji hata kuunganisha nukta kwa mkono, weka rula tu. Muda wote ni sekunde 7180. 42195 ÷ 7180 = mita 5.88 kwa sekunde, ama kilomita 21.2 kwa saa. Yule Juma wa baiskeli anaenda mita 4. Kipchoge kwa miguu angempita na baiskeli yake.

Mchele wa Kyela

Ile haikuhesabiwa rekodi lakini.

Nyayo254

Haikuhesabiwa kwa sababu wasaidizi walikuwa wanabadilishana kumwekea mwendo na vinywaji aliletewa. Lakini miguu ilikuwa yake na saa haikudanganya. Kama unataka rekodi, chukua Kelvin Kiptum, Chicago 2023, saa 2 na sekunde 35. Nusu ya kwanza dakika 60 na sekunde 48, nusu ya pili dakika 59 na sekunde 47. Hapo mstari unanyanyuka kidogo kwenye nusu ya pili. Nusu ya pili haraka kuliko ya kwanza, mbio ndefu hivyo! Apumzike kwa amani.

Mwalimu wa Zamu

Nyayo umeleta kitu kizuri bila kukusudia. Wakimbiaji wanahesabu dakika kwa kilomita, fizikia inahesabu mita kwa sekunde. Ni jambo lilelile limepinduliwa. Kwenye dakika kwa kilomita, namba ikishuka umeongeza mwendo. Vivyo hivyo kwenye grafu: kuna wanaoweka muda kwenye mhimili wa wima na umbali chini. Ukifanya hivyo, mstari uliosimama ndio wa mwendo wa polepole. Ndiyo sababu nilisema soma mihimili kwanza.

Na sisi Watanzania tuna ya kwetu. Filbert Bayi, Christchurch, 2 Februari 1974, mita 1500 kwa dakika 3 sekunde 32.16, rekodi ya dunia. 1500 ÷ 212.16 = mita 7.07 kwa sekunde. Lakini hiyo 7.07 haikuambii lolote kuhusu mbio zenyewe. Bayi aliondoka mbele tangu mwanzo, wenzake wakabaki nyuma wakijua atachoka. John Walker wa New Zealand akaanza kumfuata mwishoni, akamaliza kwa 3:32.52. Wachoreni wote wawili kwenye karatasi moja. Mstari wa Bayi uko juu, pengo linapanuka, halafu mwishoni wa Walker unakuwa wima zaidi na pengo linafinyana, linafinyana, mita 1500 zinaisha mistari haijakatana. Tofauti ni sekunde 0.36, kama mita mbili na nusu kwa mwendo ule. Ingekatana, leo tungekuwa tunamtaja Walker.

f2_physics_inanitesa

Shikamooni. Mimi pia ni kidato cha pili. Mistari iliyonyooka nimeelewa. Kwetu mwalimu katuletea iliyopinda, anasema tuchore tanjenti. Kwa nini siwezi kugawa tu umbali kwa muda kama kawaida?

Mwalimu wa Zamu

Marahaba. Mstari ukipinda maana yake kasi inabadilika kila wakati, kwa hiyo ukigawa umbali wote kwa muda wote unapata wastani tu. Nikupe namba za kweli tuone. Usain Bolt, Berlin 2009, mita 100 kwa sekunde 9.58. Muda wake kila baada ya mita 20:

mita 20: sekunde 2.89
mita 40: sekunde 4.64
mita 60: sekunde 6.31
mita 80: sekunde 7.92
mita 100: sekunde 9.58

Wastani wa mbio nzima ni 100 ÷ 9.58 = 10.44. Sasa gawa kipande kwa kipande. Mita 20 za kwanza: 20 ÷ 2.89 = 6.9. Kipande cha pili kimechukua sekunde 1.75, kwa hiyo 11.4. Cha tatu 1.67, ni 12.0. Cha nne 1.61, ni 12.4. Cha mwisho 1.66, ni 12.0 na ushee.

Tazama mwisho. Bolt alipunguza mwendo kwenye mita 20 za mwisho, na bado ni rekodi ya dunia. Kwa macho ungesema anaongeza, maana aliwaacha wengine. Wengine walikuwa nao wanapungua.

Chora hizo nukta tano pamoja na sifuri. Mwanzo mstari umelala kidogo, kisha unanyanyuka, na baada ya mita 40 utaonekana kama umenyooka kabisa. Tofauti ya 12.0 na 12.4 jicho halioni. Hapo ndipo hesabu inamshinda mtazamaji.

Tanjenti ni hivi: badala ya vipande vya mita 20, unavifanya vifupi, mita 10, mita 5, mita 1, mpaka kipande kinakuwa kama nukta. Rula inayogusa mstari uliopinda pale pale, bila kuukata pale, slopu yake ndiyo kasi ya papo hapo. Dashibodi ya Dereva.

f2_physics_inanitesa

Nimekuelewa mwalimu. Ila nikichora tanjenti kila mtu darasani anapata jibu lake.

Mwalimu wa Zamu

Lazima, ni kazi ya mkono. Msahihishaji anakupa nafasi kidogo juu na chini. Lakini usijiongezee makosa. Mambo ninayoyaona kila mwaka nikisahihisha:

Pembetatu ndogo. Mtu anachora pembetatu ya miraba miwili kisha anasoma namba. Kosa la nusu mraba hapo ni balaa. Chora pembetatu kubwa, nusu ya mstari au zaidi.

Skeli za ajabu. Mraba mmoja mkubwa uwe 1, 2, 5 au 10, si 3 wala 7. Skeli ya 3 utaisoma vibaya mwenyewe.

Nukta kutoka kwenye jedwali. Ukishachora mstari unaopita vizuri katikati ya nukta, slopu chukua juu ya mstari, hata kama jedwali lina namba tamu zaidi.

Na saa. Hili ndilo linaloua wengi. Saa 1 na dakika 20 si 1.20! Dakika 20 ni theluthi ya saa, kwa hiyo ni 1.33. Saa 2 na dakika 45 ni 2.75. Kilomita kwa saa kwenda mita kwa sekunde unagawa kwa 3.6, kwa sababu kilomita ni mita 1000 na saa ni sekunde 3600. Ile 80 ya Dereva ni mita 22.2 kwa sekunde. Kila akipepesa macho sekunde moja, ameshapita nyumba.

Fundi Sanifu

Ongeza tepu ya nukta maabara, ile karatasi ndefu inayovutwa na kitu kinachotembea. Mashine inapiga nukta 50 kwa sekunde kwa sababu umeme wetu ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Kati ya nukta na nukta ni sekunde 0.02. Wanafunzi wanahesabu nukta badala ya nafasi. Nukta 11 zina nafasi 10, sekunde 0.2. Ukihesabu nukta unapata 0.22 na kila kitu kinaharibika kwenda mbele.

Kuku Mgeni

Mimi nina la kwangu. Boda kaenda Kibaha kwa 60, karudi njia ileile kwa 40. Wastani ni 50, ama?

Mchele wa Kyela

50. Hata mtoto wa chekechea.

Nyayo254

50 kabisa.

Mwalimu wa Zamu

48. Chukua njia iwe kilomita 120, ili hesabu iwe nyepesi. Kwenda kwa 60 ni saa 2. Kurudi kwa 40 ni saa 3. Kilomita 240 kwa saa 5 ni 48. Kakaa na 40 saa tatu, na 60 saa mbili tu, kwa hiyo ile ndogo inavuta zaidi. Umbali haujalishi, jaribu na 60 au 24 utapata 48 ileile. Angekwenda MUDA sawa kwa 60 na kwa 40, hapo ndiyo 50.

Mchele wa Kyela

Chekechea imefungwa.

Dereva wa Tunduma

Samahani nilikuwa njiani, nimefika Makambako mtandao umerudi. Binti kaniachia jibu la mzee kontrola kwa meseji, naliweka kama alivyoandika:

"Zinakutana dakika ya 40, kwa sababu zinakaribiana kwa 90 kwa saa, na 60 gawanya kwa 90 ni theluthi mbili za saa. Lakini dakika ya 40 A iko kilomita 33.3, imepita lupu, kwa hiyo ni ajali. A inafika lupu kilomita 30 dakika ya 36. B inafika dakika ya 45. A inangoja dakika 9. Kwenye grafu mstari wa A unalala kuanzia 36 hadi 45, halafu unaendelea."

Kontrola Mstaafu

Dakika 9 barabara kabisa. Na kaandika "kwenye grafu mstari unalala", sikumuuliza hilo, kalisema mwenyewe. Sasa mwambie A imechelewa kuondoka dakika 15, injini ilikuwa na shida. B haijui, imeondoka kwa wakati wake. Nifutie nichoree upya.

Dereva wa Tunduma

Kajibu papo hapo mzee, yuko macho bado: "A inafika lupu dakika ya 51. B ya 45. Sasa B ndiyo inangoja, dakika 6. Na B itachelewa kufika chini kwa dakika hizo hizo 6."

Kontrola Mstaafu

Sawa. Hilo la mwisho nilikuwa nimeliweka akiba nimuulize. Kesho namletea treni ya tatu, ya mizigo, nyuma ya B, inakwenda 25.